Haikumkubali Tu

12 Juni
Bi Hesti anataka kila mama aandike kila jioni alichofanya na kahawa yake. Basi naanza. Leo sikuifanyia kahawa chochote, nilisikia tu habari zake. Tulikaa kwenye ukumbi wa kijiji tangu asubuhi, wanawake wote wa kikundi chetu tumefunga vitambaa vipya vichwani kana kwamba tunakwenda harusini, naye akatufundisha namna ya kuchanganya kahawa na viungo vya dawa ili tuuze pakiti zenye jina letu, tuache kumpa mchuuzi buni mbichi kwa bei anayojisikia. Ni binti wa mjini, mwalimu wa chuo, miwani mikubwa na sauti ndogo. Kila akimaliza jambo anauliza, "Mmeelewa, akina mama?" Nasi tunaitikia kwa pamoja, "Ndiyo!" Bado hajajua kwamba hapa kwetu mlimani ndiyo ni adabu. Mtu wa Java atakuitikia ndiyo hata kama hajasikia neno, hata kama anakusudia kufanya kinyume.

Mama Suminten, jirani yangu na mwenyekiti wa kikundi, alinikanyaga mguu chini ya meza. "Wewe Wartini, si umwambie kwamba mama yako alikuwa mwuza dawa? Tupate sifa bila jasho."

Sikusema, lakini ni kweli. Marehemu mama alipita mlango kwa mlango na chupa za dawa za mizizi mgongoni. Alikuwa na neno moja alilolitegemea kuliko chupa zote. Mgonjwa akipona alisema, "Imemkubali." Akizidiwa alisema, "Haikumkubali tu." Hakuna aliyewahi kumuuliza zaidi ya hapo, kwa sababu hapa kwetu kila mtu anajua kwamba dawa huchagua mtu.

13 Juni
Kuchuma kahawa kutwa. Mgongo huu si wangu tena.

20 Juni
Nimepata mchanganyiko wangu. Tangawizi iliyokaushwa, mdalasini, iliki kidogo, mchaichai, na pilipili ndefu ile inayotambaa kwenye ukuta wa kisima. Bi Hesti alionja, akafumba macho, akaonja tena. Wenzangu walipiga makofi, na Mama Suminten akapiga kwa nguvu kuliko wote ili watu wajue ni jirani yake aliyetengeneza.

Kisha Bi Hesti akatupa onyo. "Msiandike kwamba inaponya. Hii ni kahawa. Inapasha mwili joto, inachangamsha, basi. Mnayemuuzia hamumjui. Hamjui ana ugonjwa gani wala anakunywa dawa gani. Mmeelewa?"

"Ndiyo!"

Jioni nilimtilia baba mkwe wangu, Mzee Karsodi, tunayeishi naye. Moyo wake umechoka, na daktari amemruhusu glasi moja tu kwa siku. Alikunywa taratibu mpaka kwenye machicha, akanirudishia glasi. "Imenikubali," akasema. Kwa mzee yule, hiyo ni hotuba.

2 Julai
Mvua hakuna tangu mwezi uliopita, na asubuhi baridi inauma masikio. Nimeongeza kamba ya kisima.

Pakiti zimerudi karibu zote. Anayezipeleka ni mume wangu, Giyarto, kwa pikipiki mpaka kwenye kibanda cha kona ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika kabla ya mteremko. Tangu gogo lilipomvunja mguu kwenye kiwanda cha mbao hapati kazi nyingine. Leo wanaume wa kibanda cha walinzi wa kijiji walimpigia kelele akipita: "Giyarto! Kahawa ndiyo imekuoa, au wewe ndiye umeioa?" Alitabasamu. Alipofika nyumbani tabasamu lilikuwa bado limemganda usoni, na nilimhurumia sana.

"Jina zuri, pakiti nzuri," aliniambia. "Ila dereva anataka aisikie mwilini, Mama Nining. Hii yako inampapasa tu."

"Mwache apapaswe," nikamjibu. "Pengine kwake hakuna wa kumpapasa." Nining ni binti yetu, anasoma mjini. Angekuwepo angeziba masikio.

9 Julai
Zimekwisha zote! Hata zile za juzi.

13 Julai
Zimekwisha tena. Giyarto amejitwalia kazi ya kufunga. Mimi nakaanga na kusaga, yeye anapima na kufunga kwenye chumba cha nyuma. "Pumzika, mke wangu," kasema. Katika ndoa yetu yote sijawahi kuambiwa nipumzike. Nililala mchana kama mke wa diwani.

21 Julai
Nilipitia kibandani nikitoka sokoni. Nilitaka kuona watu wakinywa kahawa yenye jina langu, nijivune kidogo, si dhambi. Palikuwa na dereva mmoja mwenye nywele mpaka mabegani. Mwenye kibanda alipomwambia kwamba mwenye kahawa ndiye huyu, dereva akasimama, akaniinamia.

"Dada, hii ya kwako si kahawa, hii ni simba! Juzi nilikunywa hapa, nikafika nyumbani mke wangu akaniuliza nimetoka kuoa wapi."

Wote wakacheka, nami nikacheka kwa aibu. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, uso umemwiva, na alipokuwa akicheka mkono mmoja ulibaki kifuani kama mtu anayetuliza mtoto. Nilirudi nyumbani nikiuona mkono ule. Tangawizi haimfanyi mtu hivyo.

25 Julai
Mama Suminten aliingia jikoni bila kubisha, kama kawaida yake.

"Umesikia? Yule mwenye nywele ndefu kazimia jana kibandani. Kaanguka na glasi mkononi, wakammwagia maji, kaamka anatapika."

Nilishika ukingo wa jiko. "Alikuwa anakunywa nini?"

"Kahawa yetu, nini kingine! Alikunywa mbili, ya pili hata hajaimaliza." Akachukua kipande cha tempe ya soya kwenye kikaango changu. "Haikumkubali tu. Mbona wengine inawakubali? Usiogope, mwenzangu, mwezi huu tumepata wateja kuliko vikundi vyote vya kata."

Alisema kirahisi hivyo. Na jioni, msikitini, kisimani, kila aliyenigusia habari ile alisema vilevile: haikumkubali. Neno lile nimelelewa nalo. Leo limeniogopesha kwa mara ya kwanza, maana nimeona kwamba ukishalitamka hakuna anayeuliza tena kilichokuwa ndani ya glasi.

26 Julai
Upepo. Vumbi hata kwenye wali.

28 Julai
Leo nimekunywa mwenyewe. Giyarto na Baba mkwe walipokwenda swala ya Ijumaa, nilichukua pakiti moja kwenye sanduku la pakiti za kwenda kibandani, nikachemsha maji, nikanywa nimesimama. Ladha ni ileile yangu. Nikajisemea, tazama ulivyo mbaya, unamdhania mumeo. Nikaanza kuosha vyombo.

Kabla sijamaliza, masikio yakawaka moto. Uso ukafuata. Pua ikaziba. Moyo ukagonga mpaka nikauona ukitikisa blauzi. Nilipotazama nje, ua wote ulikuwa umeingia rangi ya buluu, kuku wa buluu, kahawa iliyoanikwa ya buluu. Nikakaa sakafuni, nikashika mguu wa meza, nikawa nasema "Gusti, Gusti," kama mama alivyokuwa akimwita Mungu. Niliogopa kufa, na niliogopa zaidi kwamba Giyarto atarudi anikute, nami nitamwona usoni kwamba anajua kwa nini.

Walirudi. Nilisema kichwa kinauma, na si uongo. Giyarto aliniletea maji, akaniwekea kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Mikono yake ni mipole. Nililala nikiitazama.

Kahawa ya Baba huwa naijaza mwenyewe kwenye kopo lake, moja kwa moja kutoka kwenye kinu. Nimelihamisha kopo kutoka rafuni, nimelificha chini ya kitanda changu.

29 Julai
Sikumuuliza.

31 Julai
Sikumuuliza. Ameniuliza yeye: "Mbona kopo la Baba halipo?" Nikasema panya.

2 Agosti
Nimemuuliza. Tulikuwa uani tunachambua buni, na nilisema kwa kunong'ona, kwa sababu kuta zetu ni za mianzi na upande wa pili yuko Mama Suminten.

"Umetia nini?"

Hakuuliza wapi, wala kwenye nini. Vidole vyake viliendelea kuchambua.

"Kidogo tu. Cha kuchangamsha."

"Kidonge gani, Baba Nining?"

"Cha wanaume. Kinauzwa sokoni mchana kweupe, si bangi. Nasaga, nachanganya kidogo."

"Mtu amezimia."

"Haikumkubali."

Nilihisi kama mtu ameingia kaburini kwa mama yangu akachukua kitu. "Usilitumie neno hilo," nikamwambia. "Mama alikuwa akiuza mizizi anayoijua. Alikuwa akimtazama mtu macho na ulimi kabla hajammiminia. Wewe humwoni unayemnywesha."

Akaacha kuchambua. "Unajua tangu lini wanaume wa kijiji hiki hawajaniita kwa jina? Kilema. Mume wa kahawa. Sasa nikipita wananiita bosi. Baba mwenyewe juzi amewaambia watu kwamba mwanawe anafanya biashara. Baba, ambaye hasemi! Unataka nirudi nikawaambie nini?"

"Baba ana moyo mbovu. Humu ndani."

"Baba anakunywa kwenye kopo lake. Unadhani mimi ni mnyama?"

Nikamwambia aache. Akanitazama, akatabasamu tabasamu lile la kibanda cha walinzi. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, naacha."

Nimeandika mpaka hapa ndipo nimekumbuka ndiyo yetu ilivyo.

8 Agosti
Bi Hesti amekusanya pakiti za kila kikundi azipeleke mjini zikapimwe, ndipo tupate kibali cha kuuza madukani. Nilikesha na hofu hii tangu aliposema. Nikitoa za Giyarto na bado anatia, tumekwisha: kikundi, Mama Suminten, jina langu, na yeye gerezani. Asubuhi nilisaga upya, nikafunga mwenyewe mlango umefungwa, nikampa hizo.

"Hizi ndizo mnazouza, Bi Wartini?" aliuliza, bila kunishuku, akifungua mfuko wake.

"Ndiyo."

Basi sasa tuko wawili. Njia nzima ya kurudi nilitaka kugeuka nikamwite. Nilifika mpaka darajani, nikasimama, basi lake likapita, akanipungia mkono.

15 Agosti
Zimepita. Bi Hesti alinikumbatia mbele ya wote. Mama Suminten alilia. Mimi pia nililia, wakadhani ni furaha.

17 Agosti
Sikukuu ya uhuru. Bendera, mbio za magunia, watoto wakigombania mikate ya kukaangwa iliyoning'inizwa kwa nyuzi. Nilisahau kwa nusu siku.

20 Agosti
Bado zinakwisha kila zinapofika. Nimezinusa, nimezionja kwa ncha ya ulimi, nimezimwaga juu ya karatasi nyeupe nikazitazama juani. Haionekani kitu. Kama ameacha, au kama anatia maradufu, mimi sijui. Usiku namsikia akipumua kando yangu na ninamwogopa, mtu niliyemzalia. Mchana ananikata kuni kwa mguu ule mbovu na naona haya kwa kumwogopa. Kesho napima tena.

Kisima kinatoa tope. Mvua hakuna.

24 Agosti
Naandika hospitali ya mkoa, kwenye benchi. Nitaandika kwa mpangilio, maana polisi wataniuliza, nami sitaki kuja kusema ndiyo kwa jambo lisilokuwa.

Leo mchana tulifanya kenduri, karamu ya dua, ya kumaliza mavuno. Wanaume wa mtaa walikaa sebuleni kwenye mikeka, imamu na Baba mbele. Wanawake tulikuwa jikoni na wali na kuku. Maji yakatuishia, kisima kile, nami nikaenda kuchota kwa jirani wa chini. Niliporudi na ndoo, jikoni palikuwa shwari na trei za glasi hazipo. Sakafuni kulikuwa na pakiti zilizochanika. Jina langu juu ya kila moja.

"Kahawa yako ya kopo sikuiona," Mama Suminten alisema, anajipangusa mikono. "Nimeshangaa, nyumba ya kahawa haina kahawa! Nikafungua sanduku la Giyarto. Usinune, nitakurudishia."

Kopo lilikuwa chini ya kitanda changu. Mimi ndiye niliyelificha.

Nilitupa ndoo. Sebuleni glasi zilikuwa mbele ya kila mtu, zinafuka moshi, na hakuna aliyegusa ya kwake, kwa sababu kwetu hakuna anayekunywa kabla mwenye nyumba hajakaribisha na mkubwa wa wote hajaweka glasi yake chini. Baba ndiye mwenye nyumba na ndiye mkubwa. Alikuwa ameshakaribisha. Glasi yake ilikuwa tupu mpaka kwenye machicha, maana kwake kubakiza ni dharau kwa aliyepika.

Na nikafanya nini? Sikupiga kelele. Nilipiga magoti kama inavyotakiwa, nikasema kwa sauti nzuri, "Mtuwie radhi, wazee, maji hayakuchemka vizuri, naomba niwabadilishie." Nikakusanya glasi moja moja, wao wananitania kwamba mke wa bosi siku hizi anaringa. Giyarto alikuwa mlangoni. Alinitazama, akaitazama glasi ya baba yake, rangi ikamtoka. Naye hakusema. Tulikuwa na adabu sana, sote wawili.

Imamu alikuwa katikati ya dua Baba alipoinama mbele. Nilidhani anasema amina. Akaendelea kuinama.

Walimbeba kwa gari la mchuuzi mpaka zahanati, wengine wakifuata kwa pikipiki. Nilikaa nyuma, kichwa chake mapajani kwangu. Uso wake ulikuwa mwekundu na wa moto halafu ukawa wa majivu, na mkono wake ulikuwa kifuani, uleule mkono wa dereva. Mama Suminten alipanda nami, hakuniacha, anamwombea njia nzima.

Nesi wa zahanati anamjua Baba na moyo wake. Alimlaza, akaandaa kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Huku akikifungua akauliza kama anavyouliza kila mtu, "Leo kala nini? Kanywa dawa yoyote nyingine? Za kienyeji, za nguvu?"

Mama Suminten akacheka huku machozi yanamtoka. "Nesi jamani! Mzee wa watu, imamu akikosekana yeye ndiye anayeswalisha! Kanywa kahawa yetu tu. Haikumkubali."

"Haya. Fungua mdomo, Mbah," nesi akasema, akimwita babu kwa Kijava.

Giyarto alikuwa ameegemea mlango. Niliona midomo yake inatikisika bila sauti. Nilihesabu watu waliokuwa mle ndani: mchuuzi, mwenye kibanda, imamu, wake wa watu. Niliona kibali chetu, Nining darasani, Giyarto katikati ya askari. Yote nikayaona. Kidonge kilikuwa kimeshafika kwenye mdomo wa Baba.

Niliushika mkono wa nesi kwa nguvu mpaka akapiga ukelele. "Usimpe! Kahawa ina dawa. Ile ya nguvu za kiume. Ndani ya kahawa yetu imo."

Mama Suminten akasema polepole, "Wartini, wewe umechanganyikiwa."

Nesi hakuuliza nani wala kwa nini. Akakitupa kidonge kwenye beseni. "Kiasi gani? Haraka, dada, kiasi gani?"

Sikujua. Hilo ndilo sikulijua.

"Kidonge kimoja kizima kila pakiti," Giyarto akasema pale mlangoni. Sauti yake ilikuwa kubwa, nilikuwa sijaisikia tangu aumie. "Cha buluu, kile kikubwa. Nimesaga mimi. Yeye hakujua, kisha akajua akanikataza, nami nikamwambia ndiyo." Kisha akakaa chini.

Daktari wa hapa hospitali ametuambia kwamba dawa zile mbili zikikutana presha huanguka mpaka chini, na kwa moyo wa Baba asingeinuka. Sasa yuko ndani na mipira puani. Hatujaruhusiwa kumwona.

25 Agosti
Anapumua. Hajafungua macho.

26 Agosti
Amefungua macho. Hajasema kitu. Lakini yeye hasemi, kwa hiyo sijui nishike lipi.

27 Agosti
Polisi walimchukua Giyarto, na mwenye duka la vidonge sokoni.

4 Septemba
Bi Hesti amekuja nyumbani. Nilimweleza pakiti nilizompa zilivyokuwa. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Niliuliza kila siku kama mmeelewa," akasema.

"Tulielewa, mwalimu. Tulikuwa tunaelewa."

Kibali kimefutwa, kikundi kizima. Alisema atajaribu tena mwaka ujao, kwa jina jingine, na kwamba safari ijayo hatauliza kama tumeelewa, atamwambia kila mmoja afanye mbele yake. Nilimshukuru. Hakunikumbatia.

11 Septemba
Baba yuko nyumbani. Anatembea mpaka kisimani na kurudi. Hakuna anayekuja kututembelea, na nikipita kibanda cha walinzi wanaume wanakaa kimya, hata hawatanii. Kimya hicho ni kibaya kuliko kejeli zao zote.

19 Septemba
Mama Suminten aliingia bila kubisha. Wiki hizi zote alikuwa akinipita kama nguzo. Akaweka sahani ya mihogo ya kukaanga.

"Mimi ndiye niliyefungua sanduku," akasema. "Nimemtilia mzee wa watu kwa mikono yangu, na wewe ulijua, ukaniacha nikifungua masanduku kama mjinga."

Nikamwambia ni kweli.

"Kula, basi, kabla haijapoa. Sijakusamehe."

Nilikula. Naye akala, ili nione.

2 Oktoba
Giyarto ameachiwa kwa dhamana mpaka kesi isikilizwe. Amekonda. Analala chumba cha nyuma kwa hiari yake. Baba hajamsemesha, wala yeye hajathubutu kumtazama Baba machoni. Ninapika, wote wawili wanakula, nasikia vijiko tu.

14 Oktoba
Mvua! Ilianza alasiri, matone makubwa juu ya vumbi, kisha yote kwa pamoja. Watu walikimbia wakajihifadhi kwenye baraza letu kwa kukosa pengine, imamu, Mama Suminten, wanaume wawili wa kibanda cha walinzi. Walisimama pale wameloa, hawajui waseme nini nyumbani kwa watu kama sisi. Nami sikuthubutu kuwauliza watakunywa nini.

Baba alitoka ndani, akakaa kwenye kiti chake. Akaitazama mvua. Kisha akaita, "Giyarto."

Giyarto akaja, akachuchumaa mbele yake, kichwa chini.

"Nitilie kahawa."

Nikainuka haraka. "Nitakutilia mimi, Baba, kopo liko—"

"Nimemwambia yeye."

Giyarto aliingia jikoni. Tulisikia kinu, tulisikia maji, tulisikia glasi ikigonga kisahani njia nzima. Niliogopa kama siku ile, nilitaka kumpokonya. Akaiweka. Baba hakuinusa, hakumtazama mwanawe usoni, hakumwambia aonje kwanza. Aliwageukia watu wa barazani, akasema "Karibuni," kama mwenye nyumba anavyotangulia, akanywa. Alikunywa taratibu mpaka kwenye machicha.

"Imenikubali," akasema.

Giyarto aliweka paji la uso juu ya goti la baba yake, akalia kwa sauti mbele ya watu, mtu mzima. Baba alimwacha alie. Halafu Mama Suminten akasema kwamba kama kahawa bado ipo, yeye baridi imemwingia mifupani. Ila angependa aone ikitiwa.

15 Oktoba
Mvua tena, kisima kinapanda. Asubuhi Giyarto aliniletea glasi jikoni, akaiweka mezani bila neno, akatoka kwenda kukata kuni. Niliitazama mpaka ikaacha kufuka. Moyo ulikuwa unagonga, na huo ulikuwa woga wangu mwenyewe, hakuna kidonge ndani yake. Nikamsikia nje ameacha kukata, anasikiliza.

Nikanywa.